Kipimo cha Kupuliza: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Vipimo vya Utendaji wa Mapafu na Kuisoma Karatasi ya Majibu

Katika vipimo vingi vya hospitali mgonjwa hana kazi kubwa. Hunyoosha mkono damu ikachukuliwa, au husimama kimya mbele ya mashine ya eksirei, na majibu hutoka yaleyale hata kama muda wote alikuwa akiwaza mambo ya shambani. Kipimo cha utendaji wa mapafu hakiendi hivyo. Mashine yake, iitwayo spirometa, haingii kifuani. Hupima tu hewa ambayo mgonjwa mwenyewe ameivuta na kuitoa kwa nguvu aliyoitumia. Aliyepuliza nusunusu huweza kupata majibu ya mgonjwa ilhali mapafu yake hayana tatizo, na mwenye pumu aliyetumia pampu yake ya bluu saa moja kabla ya kufika huweza kupata majibu mazuri ilhali usiku hulala ameketi kwa kubanwa kifua. Maandalizi ya mgonjwa, kwa hiyo, ni sehemu ya kipimo chenyewe, na mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mambo ambayo mgonjwa na msindikizaji wake wanaweza kuyafanya wao wenyewe.

Anza kwa kujua swali linaloulizwa

Daktari akikuandikia kipimo hiki, mwulize anatafuta jibu la swali gani. Kwa kijana ambaye kifua chake hulia kama filimbi usiku na kutulia mchana, swali huwa ni pumu. Kwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi, au mama aliyepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana, daktari huwa anatafuta ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao kwa watu wetu wengi hauna uhusiano wowote na sigara. Yuko pia aliyemaliza dawa za kifua kikuu, makohozi yakaonekana safi, lakini miezi inapita na bado anahema akipanda ngazi. Huyu hupimwa ili ijulikane makovu yamemwachia mapafu kiasi gani. Kundi hili ni kubwa katika Afrika Mashariki, na kwa maoni yangu halipimwi inavyostahili, kwa sababu cheti cha kupona kifua kikuu huchukuliwa kama mwisho wa safari.

Wengine hupelekwa na kazi zao. Mchimbaji wa Mererani anayevuta vumbi la mwamba, mfanyakazi wa kiwanda cha katani au cha kuchambua pamba, fundi wa kupasua mbao na mpakiaji wa saruji wanapaswa kupimwa wanapoanza kazi na kurudiwa baada ya muda, ili pumzi ya leo ilinganishwe na ya siku ya kwanza. Nchini Tanzania upimaji wa afya za wafanyakazi husimamiwa na OSHA, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mfanyakazi wa mahali penye vumbi ana haki ya kuuliza majibu yake yako wapi.

Swali likijulikana, mengine hufuata. Kama daktari anataka kujua iwapo una pumu, huenda akakuomba uache baadhi ya dawa kwa saa kadhaa ili mapafu yaonekane yalivyo bila msaada. Kama anataka kujua iwapo dawa unazotumia zinatosha, atataka uje ukiwa umezitumia kama kawaida. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja huweza kupewa maagizo yanayopingana, na wote wawili wakawa wameelekezwa sawa. Usichukue maagizo ya jirani.

Nani asubiri

Kupuliza kwa nguvu zote huongeza msukumo ndani ya kifua, tumbo, kichwa na macho. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki 1 iliyopita, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho ndani ya wiki 1, au aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo, kifua au tumbo ndani ya wiki 4, hutakiwa kumweleza daktari kabla ya jambo lolote, na mara nyingi kipimo chake huahirishwa. Vivyo hivyo kwa mwenye mshipa mkubwa wa damu uliovimba, mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu, na mama mwenye mimba iliyokaribia kujifungua. Hivi si vizuizi visivyovunjika; daktari hupima hatari upande mmoja na faida upande wa pili, lakini hawezi kuipima hatari ambayo hajaambiwa.

Kifua kikuu kina nafasi yake ya pekee. Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayetokwa jasho usiku, aliyepungua uzito au anayekohoa damu apimwe makohozi kwanza. Kipimo cha kupuliza humfanya mtu akohoe ndani ya chumba kidogo, na baada yake anaingia mwingine. Ikiwa una dalili hizo na hakuna aliyekuuliza, sema mwenyewe mapokezini. Aliye na mafua makali au aliyetoka kuugua nimonia naye aahirishe hadi apone kabisa, isipokuwa daktari ameona kuna haja ya kupima hivyo hivyo.

Wiki ya kabla: dawa na kumbukumbu

Kusanya pakiti na pampu zote za dawa unazotumia, zikiwamo zile ulizojinunulia duka la dawa, na uende nazo kwa aliyekuandikia kipimo ili akuambie moja baada ya nyingine ipi iachwe na kwa saa ngapi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019, uliotolewa kwa pamoja na jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani na ile ya Ulaya, unaelekeza hivi pale kipimo kinapohitajika bila dawa: pampu ya salbutamoli, ambayo wengi huiita pampu ya bluu au Ventolin, iachwe saa 4 hadi 6, ipratropiumu saa 12, dawa za kufungua kifua zinazokaa muda mrefu, kama formoteroli na salmeteroli, saa 24, na tiotropiumu saa 36 hadi 48. Tazama lebo kwa makini, kwa sababu formoteroli na salmeteroli mara nyingi zimechanganywa ndani ya pampu moja na dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na mgonjwa huweza asijue kwamba anazitumia.

Vidonge na dawa za maji ndivyo vinavyosahaulika. Huku kwetu wagonjwa wengi hawana pampu kabisa. Wana vidonge vya salbutamoli, vya aminofilini au vya teofilini, na wakiulizwa kama wanatumia pampu hujibu kwa ukweli kwamba hawatumii. Vidonge hivyo navyo hufungua njia za hewa, na baadhi hukaa mwilini muda mrefu kuliko pampu ya bluu, kwa hiyo vitaje bila kungoja kuulizwa.

Pampu yenye dawa ya kutuliza uvimbe peke yake, kama beklometasoni, kwa kawaida haiachwi. Dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa na virusi vya UKIMWI haziachwi kwa ajili ya kipimo hiki. Na kuna jambo moja ambalo ni lazima liwe wazi: ukibanwa na kifua usiku wa kuamkia kipimo, tumia pampu yako. Andika saa uliyoitumia, kisha umwambie mpimaji. Kipimo hupangiwa siku nyingine. Shambulio la pumu halikungojei.

Katika wiki hiyo hiyo andika kumbukumbu kwenye karatasi: kikohozi kilianza lini, umevuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, umepikia kuni au mkaa kwa muda gani, umefanya kazi gani zenye vumbi, na kama umewahi kutumia dawa za kifua kikuu na mwaka gani. Tafuta pia tarehe ya kuzaliwa iliyo sahihi. Mashine hukadiria pumzi unayopaswa kuwa nayo kwa kutumia umri, urefu na jinsia, na mzee aliyeandikiwa tarehe ya kubahatisha akapewa miaka 10 pungufu atalinganishwa na watu ambao mapafu yao bado hayajachoka kama yake. Kwa wazee wasio na cheti, cha karibu zaidi ni kuhesabu kutoka kwenye tukio linalojulikana na familia nzima, kisha kutumia mwaka huohuo katika kila kipimo kitakachofuata.

Asubuhi ya kipimo

Wengi hufika na njaa, kwa kuwa vipimo vingine vimewazoesha hivyo. Shangazi yangu, niliyemsindikiza mara yake ya kwanza, hakutia kitu mdomoni tangu jioni ya jana yake. Kwenye mpulizo wa pili akashikwa na kizunguzungu, tukarudishwa nyumbani hadi wiki iliyofuata. Kipimo hiki hakihitaji kufunga. Kula chakula chepesi mapema, kwa sababu tumbo lililojaa huzuia kifua kisifunguke vizuri na humfanya mtu ajisikie kutapika anapopuliza. Kahawa nzito iache hadi utakapomaliza, kwa maana hufungua njia za hewa kidogo. Aliyefunga Ramadhani amweleze mpimaji mapema, kwa kuwa katikati ya kipimo kuna dawa ya kuvuta, na pengine ni nafuu kupanga siku nyingine.

Usivute sigara wala shisha ndani ya saa 1 kabla ya kipimo, na ikiwa umeandikiwa pia kipimo cha kupenya kwa gesi, kinachoelezwa hapo mbele, usivute kabisa siku hiyo. Usinywe pombe ndani ya saa 8. Usifike ukiwa unahema kwa kukimbilia daladala. Mazoezi mazito yaishe saa 1 kabla, na ukifika keti dakika kadhaa pumzi itulie.

Mavazi yana uzito kuliko yanavyodhaniwa. Sidiria au mkanda unaobana na gauni la kushonwa kwa kipimo cha mwili huzuia kifua na tumbo kupanuka. Kanga iliyofungwa kwa nguvu juu ya maziwa hufanya hivyo hivyo, na mama wengi huifunga hivyo bila kufikiria. Kwa kuwa urefu utapimwa bila viatu, nywele zilizosukwa kwa kupandishwa juu na kilemba kirefu huongeza sentimita ambazo mwili hauna, na kila sentimita ya bandia humwongezea mtu pumzi anayodaiwa na mashine. Meno ya bandia yasiyolegea yaache mdomoni, kwa sababu husaidia midomo kushika mrija, yanayocheza yatolewe. Nenda msalani kabla ya kuingia. Mpulizo wa nguvu humtoa mkojo kidogo mtu mwenye misuli iliyolegea, hasa mama aliyezaa mara nyingi, na yule anayeogopa aibu hiyo hupuliza kwa kujizuia bila kumwambia mtu.

Ndani ya chumba

Utaketi wima kwenye kiti kisicho na magurudumu, miguu yote ikikanyaga sakafu, mabega yakiwa nyuma kidogo na kidevu kikiwa kimeinuliwa kiasi. Pua itabanwa kwa kibanio laini. Mrija au kichujio kitakachoingia mdomoni mwako kinapaswa kuwa kipya. Usipokiona kikitolewa kwenye karatasi yake, uliza. Unaweza pia kuuliza kama mashine imehakikiwa siku hiyo, kwani hutakiwa kujaribiwa kila siku ya kazi kwa bomba maalumu la hewa lenye ujazo wa lita 3. Mpimaji mzuri hatakasirikia swali hilo.

Mpulizo wenyewe una sehemu tatu, na kila moja ina kosa lake. Kwanza, vuta hewa mpaka kifua kisipokee tena. Wengi huishia robo tatu wakidhani wamejaa. Baada ya kufika hapo ongeza kidogo, na utashangaa nafasi iliyobaki. Pili, mara tu kifua kinapojaa, bila kungoja, lipua hewa yote kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuponza. Tunajua kupuliza moto jikoni, kwa pumzi ndefu ya taratibu, na tunajua kupuliza puto, mashavu yakiwa yamevimba. Vyote viwili havifai. Kinachotakiwa ni kishindo kinachotoka kifuani, mashavu yakiwa yamekaza na ulimi ukiwa chini, usizibe mrija. Tatu, endelea kusukuma. Baada ya sekunde ya pili au ya tatu utahisi hewa imekwisha, lakini mashine bado huona ikitoka, na mpimaji atapaza sauti: endelea, endelea, endelea! Anakupazia sauti kwa sababu bado kuna hewa ya kupimwa, hajakasirika. Sukuma hadi atakapokuruhusu, hata ikifika sekunde 15, kisha vuta tena kwa nguvu mpaka ujae ikiwa utaambiwa.

Hiyo sehemu ya tatu ndiyo inayoharibu majibu kwa siri. Mwenye njia za hewa zilizobana hutoa hewa yake ya mwisho polepole sana. Akikatisha mapema, ile hewa iliyobaki haihesabiwi, jumla inaonekana ndogo, na ile ya sekunde ya kwanza inaonekana kuwa sehemu kubwa ya jumla. Kuziba kunafichika, na karatasi inasema uwiano ni mzuri. Mtu wa namna hiyo huweza kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi kwa miaka.

Utarudia angalau mara 3, na kwa kawaida si zaidi ya mara 8, hadi mipulizo miwili bora itofautiane kwa mililita 150 au pungufu. Kurudia si dalili kwamba umeshindwa. Pumzika kati ya mpulizo na mpulizo, na ukihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kubanwa, sema usimamishe. Baada ya hapo utapewa salbutamoli, mara nyingi mikupuo 4 ya maikrogramu 100, kupitia chupa ya plastiki ya kupitishia dawa, mkupuo mmoja mmoja. Utangoja dakika kama 15, kisha upulize tena mara 3. Mikono kutetemeka kidogo na moyo kwenda mbio kwa muda ni jambo la kawaida kwa dawa hii.

Mtoto wa miaka 5 au 6 anaweza kufanya kipimo hiki akifundishwa. Nyumbani mfanyishe mchezo wa kuvuta hewa nyingi kisha kukirusha kipande cha karatasi mezani kwa mpulizo mmoja, siku mbili tatu kabla. Ukimlazimisha siku hiyohiyo mbele ya mtu mwenye koti jeupe, utarudi bila kitu.

Kuisoma karatasi

Namba tatu ndizo zenye uzito, na mfano wa dumu la maji unazieleza zote. FVC ni hewa yote uliyoitoa kuanzia kujaa hadi kuishiwa, yaani ujazo wa dumu. FEV1 ni hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, yaani maji yanayomwagika mara tu unapoliinamisha. Namba ya tatu ni FEV1 ikigawanywa kwa FVC. Dumu lenye mdomo mwembamba hushika maji mengi lakini hutoa kidogo kidogo. Hilo ndilo tatizo la kuziba, na uwiano hushuka. Dumu dogo lenye mdomo mpana humwaga upesi lakini lina maji machache. Hapo uwiano hubaki mzuri ilhali ujazo wenyewe umepungua.

Tuchukue watu watatu wa kubuni. Msichana wa miaka 19 ana FVC ya lita 3.2 na FEV1 ya lita 2.1, uwiano 0.66. Baada ya dawa FEV1 inapanda hadi lita 2.6 na FVC lita 3.3, uwiano 0.79. Njia zilikuwa zimebana na zimefunguka kwa mililita 500, na picha hiyo inafanana sana na pumu. Mzee wa miaka 60 ana FVC ya lita 3.4 na FEV1 ya 1.9, baada ya dawa ana 3.5 na 2.0, uwiano 0.57. Mabadiliko ni mililita 100 tu, na uwiano umebaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, kiwango ambacho hutumiwa sana kuthibitisha ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Wa tatu, aliyetibiwa kifua kikuu, ana FVC ya lita 2.0 na FEV1 ya 1.7, uwiano 0.85. Dumu lake limekuwa dogo, labda kwa makovu. Nasema labda, kwa sababu FVC ndogo hutokana pia na kutovuta hewa ya kutosha, na ili kuthibitisha kwamba mapafu yamesinyaa hutakiwa kipimo kingine cha ujazo mzima wa mapafu.

Kwa miaka mingi dawa ilihesabiwa kuwa imefungua kifua ikiwa FEV1 au FVC imepanda kwa asilimia 12 na pia kwa mililita 200 kutoka ilipokuwa kabla ya dawa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa jumuiya zilezile mbili ulibadilisha hesabu: kupanda kunakozidi asilimia 10 ya kiwango kilichokadiriwa kwa mtu huyo. Vituo vingi bado hutumia kanuni ya zamani, kwa hiyo usishangae ripoti mbili zikitoa hukumu tofauti juu ya namba zilezile.

Kando ya namba zako kuna kiwango kilichokadiriwa, asilimia yake, na mara nyingi herufi LLN, yaani kikomo cha chini ambacho ni asilimia 5 tu ya watu wenye afya walio chini yake. Baadhi ya ripoti huonyesha alama ya Z. Ikiwa chini ya hasi 1.64, namba hiyo iko chini ya kikomo hicho. Kikomo hiki kinawafaa zaidi wazee na vijana kuliko 0.70, kwa kuwa uwiano hushuka wenyewe kadiri umri unavyokwenda, na mzee mwenye afya huweza kuwa chini ya 0.70 bila ugonjwa wowote.

Kabla ya kuamini namba yoyote, itazame herufi ya ubora na michoro. A maana yake ni mipulizo 3 mizuri iliyokaribiana. B na C bado zinatumika. Kuanzia D kwenda chini, majibu yasomwe kwa tahadhari kubwa au kipimo kirudiwe. Mchoro wa mpulizo mzuri unafanana na tanga la jahazi: unapanda ghafla hadi nchani, kisha unateremka kwa mstari ulionyooka. Wenye kuziba, mteremko wake umebonyea kwa ndani. Mchoro wenye meno meno ni wa kikohozi, na ule unaokatika wima ni wa mtu aliyeacha kupuliza.

Umelinganishwa na nani?

Hapa pana historia isiyopendeza. Spirometa ilitangazwa London mwaka 1846 na daktari John Hutchinson, aliyepima zaidi ya watu 2,000. Miaka michache baadaye daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitumia kifaa cha aina hiyo kudai kwamba mapafu ya watu weusi ni dhaifu kwa asili, akaigeuza hoja hiyo kuwa utetezi wa utumwa. Wazo kwamba pumzi hupimwa kwa rangi liliingia katika mashine, na hata leo mashine nyingi humtaka mpimaji achague asili ya mgonjwa na kushusha kiwango anachodaiwa ikiwa ni Mwafrika. Vitabu vya makadirio vya GLI, mpango wa kimataifa wa vipimo vya utendaji wa mapafu, vya mwaka 2012 vilikuwa na makundi kadhaa, na kundi la weusi lilijengwa kwa takwimu za Wamarekani weusi; mtu wa Kigoma au Kisumu hakuwamo. Baadaye yakatoka makadirio ya GLI yasiyotumia asili, na mwaka 2023 jumuiya ya Marekani ikapendekeza yatumike.

Jambo hili linagusa kazi na mfuko. Mchimbaji aliyeshushiwa kiwango anachodaiwa huweza kuandikiwa kwamba mapafu yake ni mazima, akakosa fidia. Na kijana aliyelinganishwa na Wazungu huweza kuandikiwa ugonjwa asiokuwa nao. Kwa hiyo uliza ni makadirio gani yametumika na yaandikwe kwenye ripoti. Ukirudi mwaka unaofuata, linganisha lita kwa lita, si asilimia kwa asilimia, isipokuwa una hakika makadirio ni yaleyale. Lita zako hazibadiliki kwa sababu mpimaji amebonyeza kitufe kingine.

Vipimo vinavyoweza kuongezwa

Katika hospitali chache kubwa kuna kichumba cha vioo ambamo mtu huketi mlango ukifungwa, ili kupima hewa inayobaki kifuani hata baada ya kupuliza yote. Wanaoogopa mahali padogo waseme mapema. Mlango hufunguka wakati wowote. Kipimo cha kupenya kwa gesi kinakutaka uvute mchanganyiko wenye kiasi kidogo mno cha kaboni monoksaidi, kisicho na madhara, na ushike pumzi sekunde 10. Upungufu wa damu hushusha majibu yake, basi nenda na kipimo cha damu cha karibuni. Katika kipimo cha kutembea dakika 6 utatembea huku na huko kwenye ukumbi ulionyooka. Vaa viatu ulivyozoea.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hudanganywa na rangi ya kucha na hina nyeusi iliyokolea, kwa hiyo bibi harusi aliyetoka kupambwa apimwe kwenye kidole kisicho na hina au kwenye sikio. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kuonyesha oksijeni nyingi kidogo kuliko iliyopo. Tena mkazi wa Mbeya au Nairobi, miji iliyo juu ya mita 1,600, huweza kusoma chini kidogo ya ndugu yake wa Tanga bila kuwa mgonjwa.

Majibu yakiwa mazuri na dalili zikaendelea

Pumu huja na kuondoka, na kipimo cha siku ya nafuu huweza kuwa safi kabisa. Hapo omba kijibomba cha plastiki cha kupimia kasi ya pumzi, kifaa cha bei ndogo kisichotumia umeme. Puliza mara 3 asubuhi na mara 3 jioni kwa wiki 2, ukisimama, kabla ya kutumia pampu, na uandike ile iliyo kubwa zaidi kila mara. Chukua tofauti ya asubuhi na jioni, uigawanye kwa wastani wake: 320 asubuhi na 400 jioni ni tofauti ya 80 juu ya wastani wa 360, yaani asilimia 22. Wastani wa siku zote ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima, au 13 kwa mtoto, daktari ana sababu nzuri ya kufikiria pumu. Andika pia siku ulizokuwa kazini na siku za mapumziko, kwa sababu pumzi inayopanda kila Jumapili na kushuka kila Jumatatu hueleza habari za mahali pa kazi kuliko spirometa ya mara moja.

Usiondoke hospitali bila nakala ya ripoti yenye michoro, hata kama utaambiwa majibu yataingizwa kwenye faili. Mashine nyingi ndogo huchapisha kwenye karatasi laini kama ya risiti, ambayo maandishi yake hufifia baada ya miezi michache, zaidi ikiwekwa juani au kwenye mfuko wa nailoni. Ipige picha siku hiyohiyo, utoe fotokopi, na uandike kwa mkono juu yake saa uliyotumia dawa kwa mara ya mwisho.